Mshono wa Nane

Uliiona ile picha. Usijifanye hukuiona. Uliiona ukiwa kwenye foleni, au umejilaza na simu juu ya kifua, ukautazama ule mshono mmoja mwekundu uliolalia upande usio wake, ukasoma maneno manne yaliyoandikwa chini yake, *Huu si mkono wangu*, kisha kidole chako kikateleza kwenda kwa paka wa jirani. Wengine mliandika. Mliandika kwamba mambo ya mume na mke huzungumzwa chumbani. Mmoja wenu aliandika kwamba mwanamke akianza kuhesabu mishono, ajue amekosa kazi. Watu mia tatu na kitu wakaangua kicheko. Maneno hayo yapo bado, na majina yenu yako pembeni yake.

Basi kaa chini usikilize tangu mwanzo, maana ulitazama mwisho tu, na hata huo hukuutazama sawasawa.

Yule mwanamke aliitwa Sindano. Jina hilo alipewa kwenye karakana ya kushonea mahema, chumba kirefu cha mabati chenye cherehani kumi na nne katika safu mbili, ambako vumbi la turubai lilielea hewani hata mate ya mtu yakawa na rangi ya kijani. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno yanayochoma, na alishona kwa mkono wa kushoto. Mishono ya wenzake ya kumalizia kwa mkono ililalia kulia, yake kushoto. Hema likirudishwa na mteja kwa kuvuja, msimamizi hakuuliza ni nani. "Tafuteni mlalo wa kulia," alisema. "Huyu wa kushoto hajamlowesha mtu bado."

Mumewe aliitwa Mjusi, kwa sababu alipanda majabali, na akiwa juu ya jiwe ungedhani vidole vyake vina gundi. Alikuja karakana na hema lililochanika. Akarudi wiki iliyofuata, hema lilelile. Mara ya tatu Sindano aliligeuza tundu kwenye mwanga, akaona kingo zake zimenyooka.

"Kaka, hili limekatwa kwa mkasi."

"Limekatwa kwa mapenzi," Mjusi akasema, na safu zote mbili zikasimamisha cherehani ili zicheke vizuri.

Ndiyo iliyokuwa hila yake ya kwanza, na Sindano aliipenda. Unamkatalia vipi mwanamume anayelichana hema lake mwenyewe ili akuone?

Wakaoana. Wakanunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, wakazing'oa rafu za upande mmoja wakaweka kitanda, wakaziacha za upande wa pili kwa sufuria, nguo na kamba. Mlango wa nyuma haukufunga mpaka uusukume kwa nyonga. Jua likilipiga bati, harufu ya hamira iliamka ndani kama vile mwokaji yuko njiani. Wakaishi humo mwaka mmoja na miezi minane, wakifuata majabali kutoka nchi hadi nchi. Walilala pembeni ya barabara, walioga kwa ndoo, waligombania dirisha. Mjusi alimfundisha mkewe kupanda, na baada ya miezi mitano mwanafunzi akampita mwalimu. Alipanda kama alivyoshona, bila haraka na bila kurudia. Mjusi hakuonyesha wivu. Alichukua simu akampiga picha.

Picha hizo ndizo zilizoleta kampuni. Kampuni ilitengeneza kamba za kupandia, za buluu zenye madoa meupe, zote sare kama mayai. Kila baada ya miezi miwili au mitatu ilituma kamba mpya, na wao waliipa picha. Mjusi aliushika ukurasa wao wa mtandaoni, wenye wafuasi wengi kuliko watu wa miji mingi waliyopita. Sindano alizishika kamba.

Na kwa habari ya kamba Sindano hakuwa na mzaha. Baba yake alikuwa mchimba visima. Miaka kumi na tisa nyuma, mwenye malori mmoja alimsimamisha akamwambia, "Mzee, chukua hii kamba, tumeitumia kidogo tu." Kamba ya bure, nene, inayopendeza machoni. Ilimshusha salama mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilimwacha njiani. Hakufa, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakuamka tena. Sindano alikuwa na miaka kumi na minne, na ndiye aliyekuwa juu kwenye roda. Alivuta, na kamba ikaja nyepesi. Wepesi huo ulibaki katika viganja vyake, na kila akishika kamba alikuwa akiutafuta.

Kwa hiyo ndani ya lile gari palikuwa na sheria. Kamba mpya ikifika, Sindano aliipitisha yote kwenye vidole vitupu, macho yamefumbwa, kisha akashona uzi mwekundu kwenye ncha zote mbili. Kamba ya kwanza mshono mmoja, ya pili miwili, na kuendelea. Kila baada ya kupanda aliipitisha tena. Akikuta mahali palipolegea kama ndizi iliyopitiliza kuiva, alisema neno moja, "Imekwisha," na kamba hiyo ilikatwa siku hiyohiyo, vipande vya dhiraa moja moja, isifae hata kumfungia mbuzi.

Ya kwanza alijaribu kuikata mwenyewe. Mikono ikamtetemeka. Mjusi akamnyang'anya kisu kwa upole.

"Wewe hukumu," alisema. "Mimi ninyonge."

Wakacheka mpaka gari likatikisika, na toka siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Sindano alitoa hukumu, akaenda zake kuosha vyombo. Akirudi alimkuta Mjusi akiutikisa mfuko wa vipande. "Maiti hii hapa, mheshimiwa hakimu." Mfuko wenyewe haukunenepa. Mjusi alisema vingi anavitupa jalalani visijaze gari, vichache anaviweka watengenezee zulia siku watakayopata nyumba. Sindano alikwisha kuchagua zulia hilo litakaa chumba gani.

Palikuwa na desturi nyingine, ya wapandaji wote. Hukagui fundo lako, unakagua la mwenzako, naye analikagua lako. Macho ya mtu huzoea kosa lake mwenyewe, ndiyo sababu. Ni desturi nzuri. Ina kasoro moja tu, kwamba inahitaji watu wawili.

Sasa sikia siku yenyewe.

Walikuwa wameegesha chini ya jabali jekundu, refu, lenye ufa mmoja uliopanda kama mshono wa suruali. Kampuni ilikuwa inamtuma mpiga picha. Ilitaka picha ya Sindano kileleni, picha kubwa, ya kubandikwa madukani. Kamba ya nane ilikuwa imefika siku nne kabla, naye alikuwa ameshaitia mishono minane kila ncha, lakini waliendelea na ya saba maana ilikuwa na uhai bado. Alasiri, siku moja kabla ya upigaji picha, akaipitisha ya saba kwenye vidole. Pima mbili kutoka kwenye ncha, kidole gumba kikazama.

"Imekwisha," alisema.

"Aisee, imekufa kijana," Mjusi akasema, akachukua kisu.

Sindano akaenda bombani na sufuria. Aliporudi mfuko ulitikiswa, maiti ikaonyeshwa. Akatikisa kichwa, akatafuta chumvi.

Asubuhi mpiga picha akafika, msichana mchangamfu mwenye viatu vya mjini na mifuko mitatu ya kamera. Alikuwa amejifunza kuning'inia kwenye kamba, kupanda hapana. Mjusi akampitisha nyuma ya jabali mpaka kileleni, akateremsha kamba ili aning'inie pembeni ya ufa, kisha akarudi chini.

"Ile kaja nayo mwenyewe?" Sindano akauliza.

"Kaja nayo. Wewe yako hii hapa, ya nane, mbichi kabisa."

Sindano alikuwa anajifunga plasta vidoleni, maana ufa ule ulikula ngozi. Vidole vyote kumi. Aliipokea ncha, akaona wekundu, akafunga fundo. Mjusi akalivuta, akalipiga kofi dogo kama mtu anavyompiga ng'ombe anayempenda.

"Safi, mama. Panda."

Akapanda. Alipita bolti zilizopigiliwa jiweni, moja baada ya nyingine, akichomeka pete za chuma na kupitisha kamba, na Mjusi akiwa chini akiilegeza kadiri alivyohitaji. Katika mita ya thelathini palikuwa na kirafu cha jiwe, upana wake kama rafu ya mikate. Akasimama apumue. Mpiga picha alikuwa akining'inia hatua nane pembeni, usawa wake.

"Dada, hapohapo. Shika kamba, lete fundo karibu na uso. Wamesema kamba ionekane. Tabasamu basi."

Sindano akaliinua fundo mpaka shavuni, akatabasamu, na jicho lake likashuka kwenye uzi mwekundu uliokuwa kidole kimoja tu kutoka puani.

Mishono minane. Saba ililalia kushoto. Wa nane ulilalia kulia, nao ulikuwa umevutwa mno, kama anavyovuta mtu asiyejua kushona anayeogopa uzi utamkimbia.

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kwa kuwa hakuna aliyeliambia liondoke. Picha hiyo ipo. Mliipenda sana.

"Mjusi," akaita.

"Naam, mama."

"Hii kamba ni ya ngapi?"

"Ya nane. Si umeshona mwenyewe?"

"Nimeshona saba."

Kisha sauti kutoka chini, nyepesi, ya mtu anayetania. "Hesabu vizuri, huko juu kuna upepo."

Sindano akamgeukia msichana. "Mdogo wangu, kamba yako umenunua wapi?"

"Yangu? Dada, mimi sina kamba. Nimepewa na shemeji asubuhi."

"Ivute ncha yake. Ile iliyoko chini. Mwishoni kuna uzi mwekundu, nihesabie."

Msichana akaivuta mkono kwa mkono, mita thelathini za kamba, na ncha ikainuka kutoka kwenye majani ikapita mbele ya pua ya Mjusi. Angeweza kuikanyaga. Angeweza kusema neno. Aliiangalia tu ikipanda, kama abiria anayetazama basi lake likiondoka.

"Nane," msichana akasema.

"Inalalia wapi?"

"Kushoto. Yote kushoto. Dada, kuna nini?"

Sindano aling'ata plasta kwa meno akaing'oa, kidole kwa kidole. Akaivuta kamba yake kutoka chini ya miguu yake, akaipitisha kwenye vidole vitupu. Pima moja. Pima mbili. Kidole gumba kikazama palepale kilipozama jana. Palikuwa pamelala juu ya pete ya bolti ya mwisho. Angeanguka, uzito wake wote ungefika hapo na si kwingine.

"Mjusi. Nikikaa kwenye kamba sasa hivi, itanishika?"

Mjusi akatazama viatu vyake.

Kuna watu watakwambia ndoa yao ilivunjika kwa ngumi, kwa mwanamke mwingine, kwa pombe. Hii ilivunjikia hapo, katika swali la ndiyo au hapana lililokosa mwenyewe.

Msichana aliitupa ncha ya kamba yake mara tatu kabla Sindano hajaidaka. Akafunga fundo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kupanda, alilikagua yeye mwenyewe, akalikagua tena, kisha akaifungua ya saba na kuiachia. Ilishuka ikipitia kwenye bolti moja moja, zii, zii, ikaangukia miguuni pa Mjusi. Yeye akashuka kwa ya nane, msichana akimlegezea, polepole, uso umeelekea jiwe, kwa sababu hakutaka kuona utosi wa mtu yule.

"Haikukatika," ndilo neno la kwanza la Mjusi. "Uliipanda yote hiyo, haikukatika."

"Kwa nini?"

"Kamba ilikuwa moja tu nzuri, nao wanataka mtu wa picha na mtu wa kupanda. Ningewaambia nini? Waahirishe? Kesho kutwa wanampata mwingine."

"Ungempa huyu msichana ile mbovu?"

"Huyu mgeni, Sindano. Mgeni akianguka sisi tumekwisha."

"Na mimi?"

"Wewe huanguki," Mjusi akasema. "Miezi kumi hujaanguka hata mara moja."

Alimaanisha. Ilikuwa sifa, na alimpa kwa moyo wake wote, na ndiyo iliyomkata Sindano mahali ambapo tusi lisingefika.

Mpiga picha alikuwa ameshashuka, amekaa juu ya jiwe akivua viatu vyake vya mjini. Sindano akaenda kwenye gari, akausukuma mlango, akautoa ule mfuko. Akavimwaga vipande barabarani. Mtu aliyeshona maisha yake yote akiona kitambaa hatazami katikati, anatafuta pindo. Alitafuta ncha zenye uzi mwekundu. Kamba sita zilizokatwa, kila moja ncha mbili: ncha kumi na mbili zingepaswa kuwemo, au japo tano, au hata tatu.

Zilikuwemo mbili. Kila moja ilikuwa na mshono mmoja.

Ilikuwa ni kamba ya kwanza, ile aliyojaribu kuikata mwenyewe. Mjusi alikuwa akimtikisia maiti ileile mwaka mzima na zaidi.

"Ya pili iko wapi?"

"Sindano."

"Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Nitajie."

Akamtajia, na alipokuwa akitaja sauti yake ilianza kupata nguvu, maana aliamini alichokuwa anasema. Ya pili aliwapa ndugu wawili waosha madirisha, kwenye ule mji wa vioo. Ya tatu fundi wa kupaka rangi minara. Ya nne vijana wa machimbo ya mawe. Ya tano yule mchimba kisima na mkewe. Ya sita alimpa mtu kwenye kituo cha mafuta, hakumbuki sura, alikuwa na pikipiki. "Watu hawana kitu, Sindano. Umewaona. Wanashuka kwa kamba za katani zilizooza. Kamba yenye doa moja si bora kuliko ile? Wewe ungezikata ziwe takataka. Mimi nimezifanya sadaka."

Nanyi mliziona hizo sadaka. Kila moja ilikuwa na picha yake. Mjusi amemkumbatia mwosha madirisha. Mjusi na vijana wa machimbo, vidole gumba juu. Mkaandika "moyo wa dhahabu". Mkaandika "watu kama hawa ni wachache". Kuna aliyeuliza hata mara moja kamba hizo zimetoka wapi? Hakuna. Kutenda wema ilikuwa kazi yake, kupenda picha ilikuwa yenu, na kushuka shimoni ilikuwa ya mtu mwingine.

Lakini Sindano hakuwa na nafasi ya kuwakasirikia ninyi wakati ule, kwa kuwa alikuwa amekumbuka ile ya tano. Kwenye picha ya tano aliyekuwa akiikabidhi kamba ni yeye. Ilikuwa imefuliwa kwa sabuni, imeviringwa vizuri, ncha zimefunikwa na karatasi ya kampuni. Mjusi alimwambia ni mpya, kampuni imetoa, kama zile nyingine zote kwenye picha. Naye akaipokea, akaipeleka kwa mchimba kisima kwa mikono miwili, akacheka. Hakuipitisha kwenye vidole. Zawadi haikaguliwi mbele ya mpewa, ni kumvunjia heshima. Binti wa mchimba visima alimpa mchimba visima kamba iliyokwisha, na akapigwa naye picha.

Akampigia simu baba yake.

Mzee yule ana desturi ya kupokea simu kabla haijalia mara ya pili, kwa kuwa haendi popote. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umeshuka?" akauliza.

"Nimeshuka, baba."

"Basi umenishinda mimi." Akacheka peke yake kidogo, kisha akaacha. "Yule aliyenipa mimi, unamkumbuka? Mwenye malori. Mtu mwema sana. Alikuja hospitali na machungwa kikapu kizima. Alilia, mwanangu. Alilia kuliko mama yako."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asante kwa machungwa. Hizo tano, wenye nazo wanajua?"

"Hajui hata mmoja wao."

"Unanipigia mimi simu ya nini basi? Mimi nimeshaanguka tayari."

Sindano akamwekea Mjusi begi lake chini, na viatu vyake, na sufuria ndogo, maana kubwa ilikuwa ya mama yake. Mjusi alisimama mbele ya gari. "Utaendesha peke yako barabara yote ile?" Sindano akawasha. "Utapunguza watu wa kuaminiana duniani kwa ajili ya uzi mmoja?" Mjusi akasema. Hilo nalo alilimaanisha. Akapisha pale tu taa za gari zilipomgusa magoti.

Jioni hiyo aliandika kwenye ukurasa kwamba mke wake amechoka, mwombeeni, safari ni ndefu. Mkammiminia mioyo. Sindano aliituma picha ya ule mshono, aliyoipiga kabla msichana hajaikata ya saba vipande vipande, kwenye ukurasa mdogo alioufungua mwenyewe, akaeleza yote, kamba gani na alama gani. Mkasema ni mambo ya chumbani.

Alikwenda ofisi za kampuni. Akakalishwa kwenye kiti chenye magurudumu, akapewa maji ya chupa. Ofisa mwenye tai akamsikiliza akichezea kalamu, kisha akasema kwa utaratibu kwamba wao wanatoa kamba mpya, na kamba mpya ikishatoka mlangoni inakuwa ya mtumiaji.

"Na zile picha za kuzigawa? Mmezibandika ukutani hapo nyuma yako."

Ofisa hakugeuka. "Picha ni zetu, dada. Kamba si zetu."

Tangazo dogo kwenye ukurasa wao, hilo tu aliomba. Aliambiwa lingeleta taharuki.

Basi akaendesha nyuma, safari ileile kinyumenyume, mji kwa mji, na harufu ya hamira. Sindano alimkuta fundi wa minara juu ya ngazi. Fundi alibishana naye nusu saa nzima, akamwita mchawi wa kamba, mpaka Sindano alipomshika mkono akaupeleka mpaka palipolegea. Fundi akapabonyeza. Akapabonyeza tena. Kisha akakaa chini kwenye ndoo ya rangi, mfuniko ukiwa wazi, na hakuona; alipoinuka, kamba aliikata yeye mwenyewe.

Kwa mchimba kisima alifika saa nne asubuhi. Kisima kilikuwa pima kumi na nne sasa. Kamba ya tano ilikuwa kwenye roda, imelowa, na kwenye mwisho wake mtu. Mke wa mchimba alikuwa akizungusha mkono wa roda.

"Karibu, wifi," akasema kwa furaha. "Njoo uone kamba yenu inavyofanya kazi."

Sindano akamkimbilia. Aliushika mkono wa roda pamoja na yule mwanamke, wakazungusha, naye akausikilizia uzito, kila pima, akiuomba usiwe mwepesi. Kichwa kikatokea. Kina tope, kinacheka.

Hawakutaka ikatwe. "Wifi, hii ilitolewa kwa moyo," mke akasema. "Ukiikata tunarudi kwenye katani." Sindano akaenda kwenye gari akaleta ya nane, kamba pekee aliyobaki nayo, ambayo bila hiyo hawezi kupanda hata ukuta wa choo. Akaifunga kwenye roda yeye mwenyewe. Akamwonyesha yule mwanamke namna ya kuipitisha kwenye vidole vitupu, macho yamefumbwa, na panapolegea panavyokuwa. Kisha akachukua kisu. Mikono ilimtetemeka, akaikata hivyohivyo, vipande vyote, kimoja kimoja, mpaka ncha ya mwisho.

Hizo ni mbili. Zimebaki tatu.

Ndugu waosha madirisha wamehama mji. Mlinzi wa jengo anasema waliondoka na ndoo na kamba. Vijana wa machimbo wanasema ya nne iliibwa, au iliuzwa, inategemea unamuuliza nani. Ya sita ilipanda pikipiki ikaondoka. Ziko mahali. Kwa wakati huu unaposoma kuna mtu amevaa suruali ya kazi, ametema mate kwenye viganja, anazikabidhi uzito wake.

Sasa weka chini unachokunywa. Ni kamba ya buluu yenye madoa meupe. Tazama ncha yake: uzi mwekundu, mishono miwili, au minne, au sita, iliyolalia kushoto. Huenda iko kazini kwako, juu ya paa, kwenye ghala la shemeji yako, imefunga mzigo wa jirani ambaye kesho atamwazima mtu wa kushuka chooni. Toka nje ukaangalie. Madirisha ya ofisi yako yanaoshwa na nani? Panda juu ukamwulize, na usione haya kushika kamba ya mtu mzima. Ukiikuta, usimwachie mwenyewe aamue baada ya chakula, na usiipige picha kwanza. Chukua kisu. Kata dhiraa moja, halafu nyingine, mpaka ziishe, na usiondoke hapo kabla hujampa kamba nyingine ya kushukia.

Inuka. Leo.